Mwanangu katoka vipele na homa kwa dawa ya kifafa, sasa kapewa fenobabito: nimpe nisimpe?

"Assalaam alaykum dokta. Mimi niko Wete, Pemba. Nina mtoto wa kike ana miaka 7, kifafa kimemuanza mwaka jana, mkono wa kulia unatetemeka kisha anapoteza fahamu. Kaanzishiwa kabamazepini ikamkubali vizuri kabisa, wiki mbili na nusu hakuanguka hata mara moja. Baadae ikaja homa, uso ukavimba, vipele vyekundu mwili mzima na mitoki ya shingo. Duka la dawa wakasema malaria, kapimwa hana, jirani akasema surua. Nikaendelea kumpa dawa yake siku nne nyengine mpaka macho yakawa manjano ndo tukakimbilia spitali, wakasimamisha dawa, kalazwa, kapewa prednisoloni, wakasema dawa ya kifafa ndo iliyomfanya vile. Sasa ana mwezi na kitu yuko nyumbani, prednisoloni anapunguziwa. Lakini wiki hii kaanguka mara mbili. Kituo cha afya kilo karibu na sisi wamempa fenobabito, nimeviweka kabatini sijampa, moyo wangu mzito. Mama mkwe anasema aachane na madawa apewe kombe na dawa za miti. Mume wangu anasema ingelikuwa aleji ingelimkataa siku ya mwanzo, labda dozi ilikuwa kubwa, ajaribiwe nusu ya ile ile. Nifanye nini? Na mdogo wake wa kiume, miaka 2, alishapata degedege la homa, naye nimuogopee dawa hizi?"

Wa alaykum salaam mama. Nianze na la haraka mana hili halingoji maelezo: hivo vidonge vya fenobabito viache huko huko kabatini, usimpe hata kimoja, na kabamazepini usimrudishie, si nusu si robo. Kesho asubuhi mpeleke spitali ile ile aliyolazwa, wenye faili lake, uwambie kaanza kuanguka tena na kituo kimempa fenobabito lakini hujampa. Akianguka tena leo usingoje hiyo kesho. Na prednisoloni endelea kumpa kama ulivoandikiwa, usiikate mwenyewe kwa kuona kapona, nitafika hapo.

Moyo wako ulivokuwa mzito ulikuwa na haki. Na naona kuna mambo mawili yanakuvuta huku na huku, unaogopa dawa zitamrudisha kule kwenye macho manjano, na unaogopa kifafa kitakuja kumuangusha pabaya, kwenye jiko au kisimani. Hofu zote mbili ni za kweli, sitaki kukwambia moja haina maana. Ila njia ya katikati ipo.

Alichokipata mwanao, kwa ulivoeleza, kinaitwa DRESS kwa kifupi, jina lililoanza kutumika 1996, ingawa ugonjwa wenyewe madaktari walikuwa wakiuona zamani kwa watu waliokuwa wakitumia fenitoini, dawa nyengine ya kifafa. Sio vipele vya ngozi tu kama wengi wanavodhani. Ni kinga ya mwili yenyewe iliyogeuka ikawa inashambulia, inapiga ngozi, inavimbisha mitoki, inaingia kwenye ini (ndo yale macho manjano), mara nyengine figo, mapafu, hata moyo. Kwenye damu kuna aina moja ya chembe nyeupe inapanda sana, eosinofili, ndo mana mulipofika walimtoa damu mara kwa mara. Ni jambo adimu, kwa dawa za kundi hili makadirio ni mtu mmoja kati ya 1000 mpaka mmoja kati ya 10,000 wanaoanza kuzitumia, kwahivo hao waliokwambia malaria au surua siwalaumu sana, wao wanaona surua, hili wengine hawajaliona maisha yao yote. Lakini surua ina desturi yake, mtoto anaanza na mafua, kikohozi na macho mekundu siku tatu nne ndo vipele vinatoka, tena vinaanzia usoni na nyuma ya masikio. Mtoto ambaye kaanza dawa ya kifafa ndani ya miezi miwili iliyopita, akapata homa na vipele pamoja na uso kuvimba, wa kwanza kushukiwa ni dawa mpaka ithibitike siyo. Hata kama surua iko mtaani.

Sasa baba yake. Mwambie hoja yake ina akili, watu wengi wanafikiri hivo hivo, kwamba aleji ni kama mtu akila pweza akavimba midomo palepale. Ile ni aina nyengine ya aleji. Hii ya mwanao inakwenda na chembe nyeupe zinazoitwa T, na hizo zinahitaji muda wa kujifunza. Mtoto anakunywa dawa wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili kimya, kumbe ndani huko zinajizidisha, na ndo mana mara nyingi inatokea kati ya wiki ya pili na ya nane. Ile wiki mbili na nusu bila shida haithibitishi kuwa dawa haina hatia, inathibitisha kinyume chake, imeangukia kwenye muda wake hasa. Na dozi sio kitu hapa. Dozi kubwa ya kabamazepini inampa mtoto kizunguzungu, anaona vitu viwili viwili, anayumba, ukipunguza anakaa sawa. Hii haina mpango huo, chembe zikishaijua dawa robo ya kidonge inatosha kuziamsha, na mara ya pili haingoji tena wiki mbili, inaweza kuja kwa siku moja mbili au masaa tu na ikawa kali kuliko ya mwanzo. Jaribio la nusu analolitaka baba ndilo jaribio ambalo hatulifanyi kwa mtoto aliyepata hali hii.

Kwa nini kamkuta yeye na sio mtoto wa jirani anaekunywa dawa ile ile miaka? Sio uchafu, sio kwamba damu yake mbovu, na wala hukumkosea kitu. Dawa hizi zinapoingia kwenye ini zinavunjwa, na katika kuvunjwa kunapatikana vipande vikali vya muda vinavyopenda kujinatisha kwenye protini za mwili. Kuna kimeng'enya kazi yake kuvipoza vipande hivo. Inaaminika baadhi ya watu kwa maumbile kinafanya kazi kidogo, vipande vinakaa muda mrefu, kinga ya mwili ikipita inaona protini yake imebandikwa kitu kigeni, inaijia juu. Juu ya hapo kuna urithi wa alama za kinga zinazoitwa HLA. Alama ya HLA-B*15:02, inayopatikana zaidi kwa watu wa Asia ya kusini mashariki, iligunduliwa na watafiti wa Taiwan 2004 kwamba ukiwa nayo kabamazepini inaweza kukubabua ngozi vibaya sana, na nyengine, HLA-A*31:01, inahusishwa na hii hali ya mwanao kwa watu wa Ulaya na Japani. Virusi navyo vimo, kuna kirusi cha utotoni, HHV-6, karibu watu wote tunakibeba kimelala, na katika DRESS kinaamka na kuongeza moto, ndo sababu ugonjwa huu unapoa kisha unapanda tena hata dawa ikiwa imeshaachwa wiki kadhaa. Ukiona hivo usije ukafikiri mtu kampa kitu kwa siri.

Hapa ndo nafika kwenye fenobabito, na hapa nataka usome taratibu, ikiwezekana umsomee na baba.

Kabamazepini, fenitoini na fenobabito zimetofautiana majina, rangi za vidonge na bei, lakini kwa umbo la kikemia ni ndugu, zote zina pete ya aina moja (yaani atomi zilizojiunga kwa duara) na zinavunjwa kwa njia inayofanana. Kinga ya mwili haisomi jina kwenye kopo. Wewe mtu wa Pemba utanielewa nikisema hivi, askari wa magendo akishakamata karafuu kwenye gunia la aina fulani basi kuanzia siku ile kila gunia la aina ile analipasua, hata lililojaa muhogo. Kwa watu waliopata hali hii kwa dawa moja kati ya hizo tatu, ripoti nyingi zinasema kati ya asilimia 40 na 80 watapata tena wakipewa ndugu yake. Okskabazepini na lamotrijini nazo nazihesabu kwenye ukoo huo huo kwa mwanao, asipewe. (Lamotrijini peke yake ina mambo yake, ikianzwa kwa haraka au juu ya valproeti, dawa nyengine ya kifafa, inayoifanya ikae mwilini muda mrefu zaidi, vipele vibaya vinaongezeka, na 2018 Marekani walitoa tahadhari kwamba kwa nadra sana inaweza kuifanya kinga ishambulie mwili mzima, homa haishuki na damu inaharibika. Mzazi ambaye mtoto wake anaitumia miaka na yuko salama asiiache kwa kusoma haya, hatari kubwa iko mwanzoni.) Diazepamu, ile ya kukatiza kifafa kwa dharura, utasikia mtu anasema nayo ina pete, kweli inayo, lakini inavunjwa kwa njia nyengine na haimo kwenye tatizo hili.

Kwahivo muuguzi aliyekupa fenobabito hakutaka ubaya, fenobabito inatibu kifafa tangu 1912, ni rahisi, inafanya kazi, ndo inayokuwepo vituoni, na kwa watoto wengi ni dawa nzuri sana. Kwa mwanao ndo mbaya. Tatizo ni kwamba pale kituoni kulikuwa hakuna karatasi inayosema nini kimemkuta. Na hili ndo linalonitia wasiwasi mimi kuliko hata hivo vidonge vya kabatini, mana vidonge ulivishika wewe ukasita. Fikiria usiku mmoja kaanguka na kifafa hakiachii, mumefika spitali nyengine, wamempa diazepamu haikusaidia, dawa inayofuata wanayoikimbilia mara nyingi ni sindano ya fenobabito au ya fenitoini. Dokta wa zamu hamjui, wewe umechanganyikiwa, aliyempakia kwenye gari ni ami yake ambaye hata hajui mtoto alilazwa kwa nini. Basi kesho ukienda omba waandike kwa kalamu nyekundu, mbele ya faili na kwenye kadi yake: DRESS kwa kabamazepini, asipewe kabamazepini, fenitoini, fenobabito, okskabazepini, lamotrijini. Ipige picha iwe kwenye simu yako, ya baba, ya bibi yake, na mwalimu wa skuli awe nayo. Kwa dharura kuna sindano ya levetirasetamu, na ya valproeti ikiwa ini limeshatulia, dokta akijua mapema atajipanga. Na siwezi kukudanganya, ikitokea mtoto yuko kwenye kufa na hakuna kitu chengine kabisa, dokta anaweza kuamua kutumia kilichopo kwa macho wazi, huo utakuwa uamuzi wake wa pale na sio makosa, lakini awe anajua anachokifanya.

Sasa apewe nini. Ningekuwa mimi ndo nimekaa na faili lake ningeanza na levetirasetamu. Sio ya ukoo ule, ini halishughuliki nayo sana, inatoka zaidi kwa mkojo, na kwa kifafa kinachoanzia upande mmoja kama chake inafanya kazi vizuri. Ubaya wake kwanza ni upatikanaji na bei, kwenye vituo vidogo usitarajie kuikuta, itabidi uulize famasia ya spitali kubwa Chake au Mnazi Mmoja kabla ya kuinunua mtaani, na kama utanunua hakikisha unaweza kuendelea nayo mwezi baada ya mwezi, mana dawa ya kifafa inayokatikakatika ni balaa jengine. Pili tabia, baadhi ya watoto wanakuwa wakali, wanalia ovyo, wanapigana na wenzao, ukiona hivo mwambie dokta apunguze au abadilishe, usimpige mtoto kwa kitu kinachotokana na dawa. Na kwa uaminifu, 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba hata levetirasetamu na klobazamu (nayo dawa ya kifafa) zimewahi kuleta DRESS, kwa nadra mno. Sikwambii ili uikimbie, nakwambia ili miezi miwili ya mwanzo ya dawa yoyote mpya uwe macho.

Valproeti wengi wenu munaijua kwa jina la Epilim. Nayo haina ile pete, inafanya kazi vizuri, na mara nyingi inapatikana. Lakini inaweza kuliumiza ini, na ini la mwanao lilikuwa linawaka juzi tu, kwahivo isianzwe mpaka vipimo vya ini virudi sawa na dokta aseme imekuwa sawa. Kuna jengine, ni mtoto wa kike. Miaka 7 ni mdogo, lakini dawa za kifafa zinakwenda miaka, na valproeti ikitumiwa na mja mzito inamdhuru mtoto tumboni vibaya, kwahivo hata akianzishiwa sasa ifike wakati akikaribia kuvunja ungo ibadilishwe. Topiramati ipo pia, ila inapandishwa polepole, inakata hamu ya kula na inazuia jasho, kwa joto letu la Januari na mtoto wa kukimbia kimbia sio chaguo langu la mwanzo. Klobazamu inaweza kuwa daraja wakati dawa kuu inapandishwa. Na kabla ya kurudi nyumbani omba kabisa uondoke na diazepamu ya kutia nyuma, ufundishwe namna ya kuitia, kifafa kikipita dakika 5 unaitumia na safari ya spitali inaanza palepale.

Kutompa kitu chochote, ambalo ndo pendekezo la mama mkwe, naliheshimu mana kaona mjukuu wake akigeuka manjano kwa sababu ya kidonge, nani asingeogopa. Kombe na dua vimsaidie, sina neno na hilo, msomeeni. Lakini dawa za miti za kunywa kipindi hichi hapana kabisa, ini lake bado linajiuguza na hatujui mle ndani muna nini, na hata ikiwa ni mti mzuri, homa ikirudi hatutajua ni mti, ni dawa mpya au ni ule ugonjwa umeamka. Kwa sababu hiyo hiyo usimtie antibayotiki za dukani kwa kila kikohozi, amoksilini hasa imewahi kuonekana ikichochea hali hii ikiwa bado haijapoa. Kitu kipya kimoja kwa wakati mmoja, na dokta ajue.

Prednisoloni nilisema nitairudia. Ile inaibana kinga ya mwili, na ukiiachia ghafla mambo mawili yanaweza kutokea, ugonjwa unaruka upya, na mwili wake ulosahau kujitengenezea homoni hiyo unaishiwa nguvu, anatapika, analegea. Inapunguzwa kwa wiki nyingi, polepole, wakimtoa damu njiani. Chanjo yoyote ikifika wakati huu waulize kwanza, baadhi haziendi na prednisoloni ya dozi kubwa, zinasogezwa tu hazifutwi.

Dalili za kukurudisha spitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku na hata kama umetoka jana: homa na vipele tena, uso kuvimba, mitoki, macho manjano au mkojo mweusi kama kahawa, vidonda vya mdomo au sehemu za siri, macho mekundu yanayouma, ngozi inayouma ukiigusa au inayotoka malengelenge na kuchunika. Hizo za mwisho, vidonda na kuchunika, ni za ndugu mwengine wa ugonjwa huu anaeitwa Stevens-Johnson, ambao unaharibu ngozi na unaweza kuacha macho na makovu, huo haungoji hata masaa. Vipele vyenyewe vipige picha kwa mwanga mzuri kabla havijabadilika, na nenda na kopo au boksi la kila dawa anayotumia, usitegemee kukumbuka majina.

Akishapona kabisa bado usimuachie. Miezi kadhaa baadae kinga iliyochafuka inaweza kuishambulia tezi ya shingo, mtoto anakuwa mchovu, ananenepa au anakonda bila sababu, anasikia baridi au moyo unakwenda mbio. Kwa nadra kisukari nacho kinatokea, kiu isiyoisha na kukojoa kila saa. Omba apimwe tezi baada ya miezi mitatu hivi, na tena kufikia mwaka.

Na mdogo wake. Kwanza degedege la homa la kawaida, lile la dakika chache kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, halihitaji dawa ya kila siku hata kidogo, wengi wanaliacha wenyewe wakikua, kwahivo swali la dawa kwake huenda lisije kabisa. Mtibuni homa yake, itafutwe inatoka wapi. Lakini likija siku moja, la kifafa au la kitu chengine kinachotibiwa kwa dawa hizi, basi kabla dokta hajaandika mwambie dada yake wa tumbo moja kapata DRESS kwa kabamazepini, mana tabia hii ya mwili inaweza kwenda kwa damu, na ndugu wa karibu wana hatari kubwa kidogo kuliko watu wengine. Mwambie hivo hivo hata kama hajakuuliza, na hata kama foleni nyuma yako ni ndefu.